Deni la Marekani, mkopo wa Dodoma: miaka saba inahesabiwa kuanzia wapi?

Swali: Habari za kazi. Nilisoma Houston, Texas, nikarudi nyumbani katikati ya 2021. Sasa nafundisha chuo hapa Dodoma. Nyuma niliacha deni la kadi ya mkopo, dola 2,300. Rejesho la Februari 2021 nililipa, la tarehe 5 Machi nilishindwa, na tangu hapo sijalipa tena. Sasa kuna kampuni nisiyoijua inanitumia barua pepe na ujumbe wa WhatsApp ikidai dola 3,900. Wanasema walilinunua deni langu 2024, kwa hiyo miaka saba ya kuchafuka jina imeanza upya na itaisha 2031. Wanasema nilipe walau dola 50 kuonyesha nia njema. Nikikaidi, watapeleka jina langu Benki Kuu ya Tanzania na sitakopeshwa popote. Nina msingi wa nyumba Iyumbu na niko mbioni kuomba mkopo benki. Natarajia pia kurudi Marekani kwa masomo ya PhD. Wanayosema ni kweli? Nilipe?

Jibu: Dada yangu, kwa sasa usiwatumie hata senti, wala usiwajibu kwa WhatsApp. Sisemi hivyo kwa kuwa deni si lako. Kwa maelezo yako mwenyewe ni lako, na sitakushauri ulikane. Lakini kati ya mambo matatu waliyokuambia, mawili ni uongo na la tatu linaweza kuwa mtego. Anayeanza kudai kwa uongo hapewi fedha kabla hajaweka karatasi mezani.

Nianze na hiyo miaka saba, maana ndiyo fimbo wanayowachapia watu wengi.

Kule Marekani taarifa za wakopaji zinatunzwa na kampuni tatu kubwa za binafsi: Equifax, Experian na TransUnion. Sheria inayozibana ilitungwa 1970 na kwa kifupi inaitwa FCRA. Kampuni hizi hazikopeshi wala haziamui nani akopeshwe. Zinapokea taarifa kutoka kwa wakopeshaji, kwa kawaida kila mwezi, zinazitunza, na zinawauzia wanaotaka kujua wewe ni mkopaji wa namna gani. Benki hailazimishwi na sheria kupeleka taarifa zako, ila ikishapeleka inawajibika ziwe sahihi. Hilo la usahihi ndilo litakalokusaidia.

Ukiipata ripoti yako, tafuta sehemu ya ile kadi. Utaona visanduku vidogo vilivyopangwa kwa miezi, kimoja kila mwezi. Hadi Februari 2021 vitakuwa vizuri. Machi huenda pia kikaonekana kizuri, na usishangae: wakopeshaji hawaripoti ucheleweshaji mpaka utimize siku 30. Aprili kutakuwa na 30, Mei 60, Juni 90, Julai 120, Agosti 150. Ikifika karibu Septemba, yaani siku 180, benki inaliandika deni la kadi kuwa hasara kwenye vitabu vyake. Watu wengi wakiona neno hilo la hasara wanadhani wamesamehewa. Hawajasamehewa. Benki imekata tamaa tu katika mahesabu yake. Haki ya kudai bado iko hai, na mara nyingi huiuza kwa kampuni za kununua madeni kwa sehemu ndogo ya thamani yake.

Hapo ndipo inapozaliwa sehemu ya pili kwenye ripoti. Ile ya benki inapaswa kuonyesha kwamba deni limeuzwa na salio ni sifuri. Ya mnunuzi inaonyesha salio analodai yeye, pamoja na tarehe aliyofungua akaunti kwenye vitabu vyake, kwa kesi yako 2024. Tarehe hiyo kuonekana si kosa. Kosa ni kuitumia kuhesabia miaka saba.

Sheria inasema taarifa mbaya ya aina hii haitakiwi kuripotiwa baada ya miaka saba, na inataja hesabu inaanzia wapi: siku 180 baada ya kuanza kwa ule ucheleweshaji uliopelekea deni kuandikwa hasara au kupelekwa kwa wakusanyaji wa madeni. Kabla ya marekebisho ya 1996 sehemu hii ilikuwa na mwanya, na deni moja liliweza kupewa umri mpya kila lilipohamia mkono mwingine. Mwanya huo ulizibwa. Ukinunua pikipiki iliyotumika, kadi inaandikwa jina lako, lakini mwaka wa kutengenezwa unabaki ule ule. Deni nalo linabadili mmiliki bila kubadili umri.

Kwako wewe ucheleweshaji ulianza tarehe 5 Machi 2021. Ongeza siku 180, unafika mwanzoni mwa Septemba 2021. Ongeza miaka saba, unafika Septemba 2028, na huo ndio ukomo wa sheria. Kwa desturi zile kampuni tatu huhesabu miaka saba kamili tangu rejesho la kwanza lililokosekana, hivyo kuna uwezekano mkubwa deni hilo liondoke kwenye ripoti karibu na Machi 2028. Sehemu ya benki na ya mnunuzi zote zinafuata tarehe hiyo moja. 2031 haipo popote.

Kuna jambo moja nataka ulihakiki mwenyewe kwenye kumbukumbu zako. Tarehe inayohesabika ni ya ucheleweshaji ambao hukuwahi kuufidia. Tuseme mwaka 2020 ulikosa rejesho moja, ukalipa mwezi uliofuata ukawa sawa, halafu Machi 2021 ukakwama moja kwa moja. Hesabu ya deni lote inaanza Machi 2021. Lile kosa la 2020 linafutika kivyake, miaka saba tangu lilipotokea. Kwa hiyo fungua barua pepe zako za zamani na taarifa za akaunti za miezi ile, zihifadhi mahali salama. Barua pepe moja ya benki ya Aprili 2021 inayosema hujalipa rejesho la Machi ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote utakayoandika leo.

(Kufilisika rasmi mahakamani kunakaa hadi miaka kumi, lakini hilo halikuhusu. Sheria pia haiweki ukomo kwa ripoti inayoombwa kwa mkopo wa dola 150,000 na zaidi, au kwa kazi ya mshahara wa dola 75,000 na zaidi kwa mwaka. Mwanafunzi wa PhD anayetafuta chumba cha kupanga hagusi mipaka hiyo.)

Ripoti unaipataje ukiwa Dodoma? Mlango rasmi wa bure ni AnnualCreditReport.com, na siku hizi unaweza kuchukua ripoti kutoka kila kampuni kila wiki. Utaulizwa namba yako ya Social Security, yaani ile namba ya utambulisho uliyopewa Marekani, na anwani ulizowahi kuishi, kwa hiyo tafuta kwanza ile anwani ya Houston na namba ya nyumba. Mfumo ukikukataa kwa kuwa uko nje, kuna fomu ya kujaza na kutuma kwa posta, pamoja na nakala za vitambulisho. Ni njia ndefu, lakini ndiyo itakayokuonyesha tarehe yenyewe. Kwenye ripoti ya TransUnion utakuta imeandikwa mwezi na mwaka ambao deni linakadiriwa kuondolewa. Experian nao huonyesha litakaa hadi lini. Ukikuta 2028, mjadala wa 2031 umekwisha. Ukikuta 2031, basi mtu amepeleka tarehe ya uongo.

Ukilikuta hilo, andika pingamizi kwa kampuni ya taarifa yenyewe, si kwa mdai peke yake. Taja deni, taja tarehe sahihi, ambatanisha ushahidi. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza, zinazoweza kuongezwa hadi 45 ukileta nyaraka nyingine katikati ya uchunguzi. Aliyepeleka taarifa akishindwa kuithibitisha, lazima irekebishwe au iondolewe. Wakairudisha baadaye, wanatakiwa kukujulisha kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi.

Ukishika ripoti, soma pia majina. Sisi tunaandika majina matatu, lako, la baba na la babu, na fomu za Kimarekani zinalichukua la mwisho kuwa la ukoo, la kati zinalikata likabaki herufi moja. Mtu mmoja anaweza kuonekana kwa namna tatu au nne kwenye faili lake, na deni la mwenye jina linalofanana likaingia kwako. Soma kila akaunti, hata ya kadi usiyoikumbuka.

Sasa hizo dola 50. Hapa ndipo watu wanapochanganya hesabu mbili tofauti. Moja ni ya taarifa, ile ya miaka saba, na hiyo haisogezwi na malipo. Ulipe dola 50, ulipe zote, usilipe kitu, ukomo ni ule ule wa 2028. Nyingine ni ukomo wa kushtakiwa, yaani muda ambao mdai anaweza kukupeleka mahakamani akashinda. Huo unawekwa na kila jimbo. Texas ni miaka minne, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida deni lako limeuvuka mwaka 2025. Katika majimbo mengi malipo kidogo tu, au maandishi ya kukiri deni, yanaufufua ukomo huo ukaanza upya. Ndiyo maana nimesema hizo dola 50 zinaweza kuwa mtego. Texas ilitunga sheria mwaka 2019 inayozuia wanunuzi wa madeni kunufaika na ufufuo huo, na hilo liko upande wako.

Lakini usijilaze hapo. Mikataba ya kadi mara nyingi husema itafuata sheria za jimbo la benki, Delaware au South Dakota kwa mfano, si za jimbo ulikoishi. Na katika majimbo kadhaa, muda mdaiwa anaokuwa nje ya jimbo unaweza usihesabiwe. Wewe uko Dodoma tangu 2021. Kwa hiyo usimwandikie mdai kwa kujiamini kwamba muda umekwisha, wala usimwandikie kwamba deni ni lako na utalilipa. Barua ya kwanza inatakiwa iwe ya kuuliza tu. Kukaa kwako nje, hata hivyo, hakuongezi siku moja kwenye ile miaka saba ya ripoti.

Na unayo haki ya kuuliza. Mkusanyaji wa madeni anatakiwa na sheria akupe taarifa ya deni: mdai wa mwanzo ni nani, deni lilikuwa kiasi gani katika tarehe anayoitaja, na tangu hapo ameongeza riba gani, ada gani, na amepunguza malipo yapi uliyokwisha kulipa. Ukipinga kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea taarifa hiyo, anatakiwa asimame kudai mpaka akujibu kwa uthibitisho. Dola 2,300 zimekuwaje 3,900? Labda riba ya mkataba inaruhusu. Labda wamebandika tu. Usikisie, mwache aonyeshe mstari kwa mstari. Tena omba uthibitisho kwamba yeye ndiye mmiliki. Madeni haya huuzwa kwa mafungu, na orodha zake zinazagaa hadi mikononi mwa matapeli. Unaweza kulipa leo, kesho akaja mwenye deni halisi.

Dawa ya deni ni kulipa, wazee walisema, na mimi naamini hivyo. Lakini umlipe mwenye deni, kwa kiasi sahihi, na kwa karatasi. Akishathibitisha na ukiona uwezo upo, jadiliana naye. Anayenunua deni kwa bei ya chini mara nyingi hukubali pungufu. Makubaliano yaandikwe kabla fedha hazijatoka: kiasi, tarehe, na maneno kwamba malipo hayo yanamaliza deni lote. Wengine hukubali pia kuondoa taarifa yao kwenye ripoti baada ya malipo. Ukiipata ahadi hiyo, iwe ndani ya maandishi hayo hayo. Kulipa hakuondoi historia kwa lazima. Deni litaonekana limelipwa, na litasubiri tarehe yake. Bado kuna faida. Mifumo mipya ya alama za ukopaji, yaani namba inayopima uaminifu wa mkopaji, haihesabu tena deni la wakusanyaji lililokwisha kulipwa, ingawa mifumo ya zamani, ambayo wakopeshaji wengi bado wanaitumia, inalihesabu. Na mwenye nyumba wa Marekani anayekagua ripoti yako atamwangalia kwa jicho tofauti aliyelipa na aliyekimbia.

Kuhusu kurudi huko, fomu ya maombi ya viza, DS-160, haiulizi alama zako za ukopaji. Utakapobanwa ni kwenye kupanga nyumba, mkataba wa simu, kadi mpya. Ukiondoka 2027, deni litakuwa bado lipo kwenye ripoti. Ukiondoka mwishoni mwa 2028, lisiwepo. Na hata likiondoka, ile benki ya kwanza inaruhusiwa kukumbuka katika mafaili yake yenyewe. Usiende kuomba kadi kwake.

Sasa tuje nyumbani, maana tishio la Benki Kuu ndilo nadhani limekunyima usingizi, na ndilo limenikera mimi zaidi. Ni uongo. Kanzidata ya taarifa za mikopo ya Benki Kuu ya Tanzania iliwekwa chini ya Sheria ya Benki Kuu ya 2006 na kanuni zake za 2012. Inalishwa na benki na taasisi za fedha za humu nchini. Kampuni binafsi za taarifa za mikopo, kama Creditinfo, zinafanya kazi kwa leseni ya Benki Kuu hiyo hiyo. Mnunuzi wa madeni aliyeko Marekani hana mlango wa kuingizia jina lako humo, na faili la Equifax halivuki bahari kuja kuungana na namba yako ya NIDA. Hata sheria ya kwao inamkataza mkusanyaji kutishia jambo asiloweza kulifanya. Hifadhi picha za ujumbe ule. Unaweza kulalamika mtandaoni kwa CFPB, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za watumiaji wa huduma za fedha.

Kanzidata yetu pia si orodha ya watu wabaya, kama inavyosemwa mitaani. Inabeba mikopo mizuri na mibaya, na anayelipa kwa wakati anajijengea jina humo humo. Hapa kwetu mkopo unaofikisha siku 90 bila rejesho unaingia kundi la mikopo chechefu. Benki Kuu inataka mikopo hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, kwa hiyo meneja wa tawi ana sababu zake za kuwa mwangalifu na mtu mwenye historia hiyo.

Kitakachoamua nyumba yako ya Iyumbu, basi, ni mambo ya hapa hapa. Ulisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu? Angalia hati yako ya mshahara kama ile asilimia 15 inakatwa kila mwezi, hasa kwa kuwa ulikuwa nje miaka kadhaa. Kuna mkopo wa simu uliochukua ukausahau kwa kubadili laini? Nyuma ya mikopo mingi ya namna hiyo ipo benki, na benki inaripoti. Ulimdhamini mtu? Rafiki aliyekopa kununua mahindi Kibaigwa, bei zikaanguka, akaacha kulipa, benki itakugeukia wewe uliyesaini.

Kosa ninaloliona kwetu mara kwa mara ni mkopo uliokwisha kulipwa kuendelea kuonekana unadaiwa, kwa sababu mkopeshaji hakupeleka taarifa mpya. Pata barua ya kumaliza mkopo kutoka kila ulikowahi kukopa, yenye mhuri na tarehe ya rejesho la mwisho. Hakikisha tarakimu 20 za namba yako ya NIDA zimeandikwa sawasawa kwenye kila mkataba. Nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku, kwa hiyo kosa la hapo unaliona haraka. Ukiona taarifa isiyo sahihi, anza na mkopeshaji aliyeipeleka, kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Akikupuuza, peleka pingamizi kwenye kampuni ya taarifa za mikopo na malalamiko Benki Kuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakupa haki ya kuona taarifa zako na kudai zisahihishwe.

Fomu ya benki ikikuuliza kuhusu madeni mengine uliyonayo, jibu ukweli, na la Houston litaje kwa kiasi unachokitambua, dola 2,300, ueleze kwamba linahakikiwa. Afisa mikopo anataka kujua mshahara wako utabeba nini kila mwezi. Deni usilolilipia rejesho sasa halipunguzi uwezo huo, lakini ukilificha na likaja kujulikana, utakuwa umejiharibia kwa mkono wako.

Ripoti yako ya hapa iombe wiki hii, kabla hujapeleka maombi. Ya Marekani itachukua muda zaidi, na maombi ya Iyumbu hayana haja ya kuisubiri.